Sabuni ya Mia Mbili

Habari hii alinipa mke wa mwoka mikate. Ilikuwa mwaka jana, majira ya baridi, tukiwa kwenye foleni ya kliniki ya macho. Mimi nilipeleka macho yangu, yeye alimpeleka mama mkwe wake. Na huyo mama mkwe alikuwa hapo hapo kwenye benchi, katikati yetu, anasikia yote. Kila mkazamwana alipotaka kuruka mahali, mama mkwe alimgusa goti. "Sema na hapo. Usinifichie aibu yangu." Basi nami nawasimulia kama nilivyopewa, na pale palipoguswa goti pia.

Nyumba yao ni ya vyumba vitatu. Uani kuna bomba la maji, na nyuma kuna chumba kimoja cha kupangisha. Mume huoka mikate usiku. Asubuhi hurudi na nyusi nyeupe kwa unga, akala, akalala mpaka alasiri. Mambo ya mchana katika nyumba ile hakuyajua. Waliyajua mama yake na mkewe.

Pesa za matumizi alizishika Mama Mkwe. Aliuza vitunguu sokoni miaka mingi, mpaka magoti yakagoma. Kusoma alisoma kidogo, na sasa macho yalikuwa yanamkimbia. Lakini hesabu za kichwa, wee! Ungemtajia mafungu tisa na bei ya fungu, angekujibu kabla hujafunga mdomo. Kigoda chake cha sokoni bado alikuwa nacho. Kilikaa karibu na mlango, kimeng'aa kwa kukaliwa. Hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Hata mwoka mwenyewe, mtoto wake wa kuzaa, alisimama.

Mama Mkwe alikuwa na tabia moja. Kila mwanzo wa mwezi alikwenda duka kubwa lililo karibu na tanuri la mikate. Hakununua kitu. Alipita safu hadi safu, akainamia rafu, akasoma zile tarakimu kubwa za bei, akaziweka kichwani. Mwenyewe aliiita "kutembelea bei." Akirudi alikuwa anajua kila kitu. Sabuni ya kufulia, mia mbili. Mafuta ya kupikia, mia nne. Dawa ya meno, mia moja. Unga, mia tatu. Maziwa, mia moja na hamsini.

Zamani walinunua kwa muuzaji wa pembeni, mzee mmoja mwenye kibanda. Kwake ukiambiwa mia, unatoa mia. Yule mzee akaugua, kibanda kikafungwa. Ndipo mkazamwana akaanza kutumwa duka kubwa.

Siku ya kwanza tu, mambo hayakukaa sawa. Alijumlisha vitu vyake kichwani, akafika kwa keshia, akatajiwa pesa zaidi. Si nyingi, lakini zaidi. Nyuma yake watu walikuwa wanasonya.

"Dada, tunachelewa huku!"

Akaona haya. Akajiambia, "Nimekosea kujumlisha. Mimi na hesabu tangu lini?" Akalipa. Lakini njiani akakumbuka jambo. Mama Mkwe bei zote anazijua. Chenji ikipungua atasema nini?

Yule bibie, mke wa mwoka, alikuwa anasuka watu nywele pale uani. Wateja wake waliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakilalamika mgongo. Alikuwa anadunduliza vijisenti kwenye kopo la maziwa ya unga, anunue kiti. Siku ile alipita kwanza chumbani, akafungua kopo, akaongeza kilichopungua. Kisha akaenda kutoa chenji.

Mama Mkwe akaihesabu kwa vidole. "Imetimia. Ahsante, mwanangu."

Basi ikawa ndiyo desturi. Akitoka dukani, kopo kwanza. Na zile risiti? Katika nyumba ile karatasi yoyote kavu ilikuwa ya kuwashia jiko. Risiti iliingia mlangoni na kutoka kwa bomba la moshi.

Miezi ikapita. Kopo likawa jepesi. Siku moja akaligeuza, ikatoka sarafu moja, na kibanio cha nywele.

Alhamisi moja alitumwa akiwa na elfu moja na mia tano. Alinunua sabuni, mafuta, dawa ya meno, unga na maziwa. Alirudi polepole kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Hakuwa na cha kuongeza. Akatoa chenji kama alivyopewa.

Mama Mkwe akahesabu. Akahesabu tena.

"Mwanangu, hapa kuna mia mbili arobaini na tano."

"Ndiyo, mama."

"Vitu vyako ni elfu moja na mia moja hamsini. Nilitaka kuona mia tatu na hamsini. Mia moja na tano iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Ndivyo nilivyopewa, mama."

Mama Mkwe hakupiga kelele. Heri angepiga. Alizifunga zile sarafu kwenye pindo la nguo, taratibu, akaenda zake ndani.

Juma lililofuata alimtuma unga na maziwa tu. Chenji ikatimia. Akamtuma sabuni. Ikapungua thelathini. Akamtuma unga tena. Ikatimia. Sasa huo ulikuwa ushahidi gani? Wifi yake, dada wa mwoka, alikuwa amekuja kutembea, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Huyu ni mwizi wa sabuni!" alisema wifi, akicheka. "Akinunua unga, mikono misafi. Akinunua sabuni, ndiyo mikono inachafuka!"

"Wifi, jamani," alisema yule bibie. "Mimi sijachukua."

"Nani kasema umechukua? Mimi nasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hilo buyu sijalitaja ni la nani."

Mama Mkwe akamwita mkazamwana kando, karibu na bomba.

"Mimi nimekupenda," alisema. "Miezi yote hii nimekutuma, haijapungua hata sarafu. Ghafla inaanza kupungua. Una shida gani? Kama una shida, sema. Shida husemwa. Lakini kuchukua, hapana."

Yule bibie alitaka kusema. Atasema nini? Kwamba alikuwa anaongeza? Nani ataamini mtu anayetia pesa zake mfukoni mwa mwingine, tena kwa siri? Akanyamaza. Na kunyamaza kwake kukazidi kumtia hatiani.

"Jumapili mumeo yuko nyumbani," alisema Mama Mkwe. "Tutaketi. Nitamwambia."

Tangu hapo usingizi ukamhama. Mume akiwa kazini, yeye alilala macho wazi, anahesabu. Sabuni, mafuta, dawa ya meno. Kila akihesabu ni ile ile. Akawaza, Jumapili nitaitwa mwizi mbele ya mume wangu. Nikiitwa mwizi nitakaaje nyumba hii? Na nikirudi kwetu, nitarudi na jina gani? Chakula alikitafuna kama majani.

Jumamosi, Mama Mkwe akapiga moyo konde. Alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kumhukumu mtu kwa kusikia.

"Leo naenda mwenyewe," alisema. "Nawe utafuatana nami."

"Nami naja," alisema wifi. "Hii siikosi."

Mama Mkwe akachukua mia mbili kamili, si zaidi, akaifumba mkononi. Wakaenda. Dukani akachukua kipande kimoja cha sabuni. Akainama, akaitazama bei mara ya pili. Mia mbili. Chini ya tarakimu palikuwa na mstari wa herufi ndogo, ndogo kama sisimizi. Hizo hakujisumbua nazo. Herufi ndogo alikwisha kuachana nazo zamani.

Wakafika kwa keshia. Keshia mwenyewe ni yule mpangaji wao wa chumba cha nyuma, binti mmoja mcheshi, asubuhi anatoka wao wamelala na jioni anarudi hoi.

"Shikamoo mama! Leo umekuja mwenyewe?"

"Marahaba. Nipigie hiyo."

Mashine ikalia. "Mia mbili na thelathini, mama."

Mama Mkwe akaweka mia mbili juu ya meza. "Sabuni ni mia mbili."

"Ni mia mbili na thelathini, mama yangu. Ukiweka na kodi."

"Kodi? Kodi ya chumba chako unanilipa mimi. Leo mimi ndiye nikulipe wewe?"

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama, mpandishie na chumba!" Lakini yule bibie hakucheka. Kwa sababu Mama Mkwe alikuwa amegeuka, anamtazama yeye, kisha keshia, kisha yeye tena.

"Ala!" alisema polepole. "Thelathini. Ile ile iliyopungua juzi. Kumbe mko wawili."

"Mama, sivyo," alisema keshia. "Ngoja nikueleze."

"Mnaishi ua mmoja, mnachota bomba moja. Mmepanga."

"Lisemwalo lipo!" alidakia wifi.

Foleni ikaanza kusonya. Mama Mkwe akaiacha sabuni mezani, akachukua mia mbili yake, akatoka. Yule bibie alimfuata nyuma, kikapu kitupu mkononi, akaona barabara imekuwa ndefu kuliko siku zote.

Jumapili ikafika. Mwoka ameamka, amenawa, ameketi kwenye mkeka anashangaa nyuso za watu. Mama Mkwe yuko juu ya kigoda chake. Wifi yuko mlangoni. Yule bibie ameketi pembeni.

"Kuna nini?" aliuliza mwoka. "Mbona mmekaa kama baraza la kijiji?"

Mama Mkwe akamweleza yote, tangu Alhamisi ile hadi sabuni ya jana. Hakuongeza wala hakupunguza. Mwoka akamgeukia mkewe.

"Wewe unasemaje?"

"Sijaiba," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akajilazimisha kuirudia. "Sijaiba, mume wangu."

Wakati huo huo keshia akatokea uani na ndoo, anakuja bombani. Mama Mkwe akamwita.

"Njoo hapa, binti. Jana uliniambia ngoja nikueleze. Leo hakuna foleni. Eleza."

Keshia akaweka ndoo chini. Hakuonyesha kukasirika. Watu wa namna hii alikuwa anawaona kila siku.

"Mama, pale dukani bei ya kwenye rafu si bei ya mwisho. Ni bei ya kitu kabla ya kodi ya mauzo. Kodi hiyo inaongezwa ukifika kwangu. Chini ya kila bei tumeandika hivyo, na mlangoni pia."

"Yale maandishi madogo?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi yale ya mlangoni nimeyasoma kila siku," alisema yule bibie, mkono mdomoni. "Nilidhani kodi ni mambo ya wenye duka wenyewe."

"Wengi wanadhani hivyo. Lakini kodi ya mauzo analipa mnunuzi. Duka linaipokea tu, halafu linaipeleka serikalini. Si faida yetu. Ndiyo ya kujengea barabara na zahanati."

"Na lile shimo mbele ya tanuri?" aliuliza wifi. "Nalo limelipiwa kodi?"

"Hilo dada kalalamike halmashauri, mimi natoza sabuni tu."

Mwoka akacheka. Mama Mkwe hakucheka, lakini alikuwa ameinama mbele, kama mtu aliyesikia mteja akitaja bei.

"Kodi hiyo ni ngapi?"

"Hapa kwetu ni kumi na tano kwa kila mia. Si kila nchi, na inaweza kubadilika, lakini sasa ndivyo ilivyo."

"Na mtu asiye na mashine ataijuaje?"

"Rahisi. Chukua bei, tafuta sehemu yake ya kumi. Kisha tafuta nusu ya hiyo. Uzijumlishe, hiyo ndiyo kodi. Kwa sabuni ya mia mbili, sehemu ya kumi ni ngapi?"

"Ishirini."

"Nusu ya ishirini?"

"Kumi. Ishirini na kumi, thelathini." Mama Mkwe akaiongeza juu ya bei. "Mia mbili na thelathini."

"Ndiyo hiyo, mama."

Hapo yule bibie alianza kupata pumzi. Lakini Mama Mkwe hakuwa mtu wa kuridhishwa na sabuni moja. Akafumba macho. Midomo ikawa inacheza.

"Ngoja. Alhamisi ile vitu vilikuwa elfu moja mia moja na hamsini. Sehemu ya kumi, mia moja na kumi na tano. Nusu yake, hamsini na saba na nusu. Jumla, mia moja sabini na mbili na nusu." Akafumbua macho. "Lakini iliyopungua ni mia moja na tano. Haiendi! Kwa hesabu yako huyu kaniletea pesa nyingi mno."

"Hee!" alisema wifi. "Sasa mwizi anarudisha?"

Yule bibie akamgeukia keshia.

"Mama," alisema keshia, "Alhamisi ile mlinunua nini?"

"Sabuni, mafuta, dawa ya meno, unga, maziwa."

"Basi hapo. Unga na maziwa havina kodi. Vyakula vya lazima na dawa za hospitali vimesamehewa, ili watu wasishindwe kula na kujitibu. Mafuta ya kupikia kwetu hapa yanatozwa. Kwa hiyo usijumlishe kapu zima. Tenga kwanza. Vyenye kodi huku, visivyo na kodi kule."

Mama Mkwe akafumba macho tena. "Sabuni mia mbili, mafuta mia nne, dawa ya meno mia moja. Mia saba. Sehemu ya kumi, sabini. Nusu, thelathini na tano." Sauti ikapungua. "Mia moja na tano."

Maji yalidondoka bombani.

"Ndiyo maana unga ulitimia," alisema mwoka. "Na sabuni ikapungua."

"Ndiyo maana," alisema Mama Mkwe.

Hadithi ingeishia hapo, na pale kwenye benchi mkazamwana alitaka iishie hapo. Lakini mama mkwe akamgusa goti. Kwa maana lilibaki swali moja, na aliyeliuliza ni yeye mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "kama kodi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mbona miezi ile yote chenji yangu ilitimia?"

Wote wakamtazama. Wifi akafungua mdomo, safari hii akaufunga. Yule bibie aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo. Akaligeuza. Ikaanguka sarafu moja na kibanio.

"Nilikuwa naongeza," alisema. "Pesa ya kusuka. Niliona haya kusema sijui hesabu. Niliogopa utanifikiria vibaya. Ilipokwisha, sikuwa na la kufanya."

"Pesa ya kiti chako?" aliuliza mwoka.

"Ndiyo."

"Yaani kodi ya nyumba nzima ulikuwa unalipa wewe, na watu wananyoa ndevu na kufua kwa raha zao?"

Mama Mkwe akalichukua lile kopo, akalitazama ndani, ingawa alijua ni tupu. Ndipo akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungeniuliza tu. Hata mimi nisingejua, tungeuliza wote wawili. Kuuliza si ujinga." Akamrudishia kopo. "Na mimi ningekuuliza wewe kabla ya kukuchunguza. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

"Na wewe binti," alimwambia keshia, "jana nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Mama, kwa siku naitwa mara tatu. Wewe angalau uliniamkia."

"Mimi nilimwamkia nani? Wewe ndiye uliyeniamkia!" alisema Mama Mkwe, na wote wakacheka, hata wifi, ambaye kisha alisogea akaketi karibu na wifi yake, akamwinamishia kichwa. "Nisuke basi. Nitakulipa na kodi."

Tangu siku ile nyumba ile imebadilika. Kabla ya kwenda dukani, mkazamwana na mama mkwe huketi na kutenga: vyenye kodi huku, visivyo na kodi kule. Hupiga ile hesabu, sehemu ya kumi na nusu yake. Anayekwenda anakwenda na pesa inayotosha. Dukani huuliza, "Hii ni bei ya mwisho?" Risiti haiendi jikoni kabla ya kusomwa. Mara moja mashine ilitoza maziwa kodi kwa makosa. Mkazamwana akaonyesha pale pale, kwa adabu, akarudishiwa, na watu wa nyuma yake waliposonya, alisema, "Subirini kidogo, na yenu mtaitazama."

Na yule mzee wa kibanda alipona, akafungua tena. Sabuni yake ni mia mbili na ishirini na tano, bei ya mwisho, kodi imo ndani. Zamani wangesema mzee ni ghali. Sasa wanajua ya duka kubwa ni mia mbili na thelathini. Sabuni wananunua kwa mzee.

Lakini nirudi Jumapili ile, maana hapo ndipo alipoishia mkazamwana, na safari hii hakuguswa goti.

Baada ya kula, wifi alisema anasukwa sasa hivi. Yule bibie akaipindua ndoo. Mama Mkwe akamwambia, "Iache hiyo." Akakinyanyua kigoda chake cha sokoni kwa mikono miwili, akakitoa nje, akakiweka pale kivulini panapokaa wateja.

"Mama, hicho ni chako."

"Changu ni magoti mabovu. Kigoda ni cha kazi. Kikae kazini."

Wifi akakikalia kwa woga, kama kitamuuma. Hata kichwa hakijafika nusu, alikuwa anasinzia. Mama Mkwe aliegemea ukuta, midomo ikicheza hesabu, mpaka ikatulia. Mwoka alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka, Jumapili au si Jumapili, mwili wake ulijua mchana ni usiku. Yule bibie akafunga msuko wa mwisho. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna aliyekuwa anamtazama. Akajinyoosha kwenye kona ya mkeka, jua likiwa bado juu. Akaanza kuhesabu kwa mazoea: sabuni, mafuta, dawa ya meno. Mia saba. Sehemu ya kumi, sabini. Kwenye nusu yake hakufika.